Kabla Hujatoa Dola 70 kwa Gemu Moja

Gemu mpya ya PlayStation 5 kutoka studio kubwa huuzwa dola 70 za Marekani. Kwa mtu wa Nairobi hizo ni shilingi elfu tisa hivi. Kwa wa Dar es Salaam zinakaribia laki mbili, na hapo muuzaji wa Kariakoo hajaweka faida yake. Kabla ya mwaka 2020 bei ya kawaida ilikuwa dola 60. Mashine mpya za Sony na Microsoft zilipoingia sokoni ikapanda, na hakuna anayetarajia irudi ilikotoka. Anayetoa pesa ya namna hiyo kwa starehe moja anastahili kujua ananunua nini hasa, maana matangazo ya gemu hizi hutengenezwa na watu wanaoijua kazi yao, na dakika moja ya stelingi akining'inia kwenye ndege inayowaka moto humfanya hata mtu mzima mwenye akili timamu apapase mfuko.

Ninazungumzia gemu za visa na mapambano za bajeti kubwa: zile ambazo unamwongoza mhusika mmoja katika hadithi ndefu, anapanda kuta, anapigana, anafumbua mafumbo, na katikati unaweka pedi chini kutazama vipande vya filamu. Uncharted, Tomb Raider, God of War, Assassin's Creed, Spider-Man, The Last of Us na ndugu zao. Ninavyoona mimi, uzuri wa gemu hizi na kero zake vina mama mmoja, naye ni fedha. Fedha nyingi hununua ufundi ambao studio ndogo haiufikii. Fedha hizo hizo huleta woga, na woga ndio unaozaa karibu kila jambo ambalo wachezaji hulilalamikia. Ukilielewa hilo utajua wakati gani wa kununua, kitu gani cha kuzima kwenye mipangilio, na sehemu gani ya gemu ya kuiruka bila majuto.

Kwa miaka mingi kampuni zilificha gharama zake. Juni 2023, katika kesi ambayo tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishitaki Microsoft, Sony iliwasilisha nyaraka ambazo sehemu zake za siri zilikuwa zimefutwa kwa kalamu nyeusi, na zilipopigwa skani maandishi ya chini yakasomeka. Ndipo watu walipojua kwamba The Last of Us Part II ya mwaka 2020 iligharimu dola milioni 220, na Horizon Forbidden West ya 2022 dola milioni 212, kazi ya miaka mitano na watu wapatao 300. Desemba ya mwaka huohuo wadukuzi waliivamia studio ya Insomniac, na nyaraka walizozimwaga mtandaoni zikaonyesha kuwa Marvel's Spider-Man 2 ilimeza takriban dola milioni 300. Piga hesabu mwenyewe. Duka likikata asilimia 30 yake, dola 70 zinabaki 49. Ili kurudisha milioni 300 unahitaji nakala zaidi ya milioni sita zilizouzwa kwa bei kamili, kabla ya matangazo na kabla ya mgawo wa Marvel wenye Spider-Man wao. Studio inayohitaji wanunuzi milioni sita haithubutu kumwacha hata mmoja apotee njia, achoke au ashindwe.

Hata hivyo wapewe haki yao kwanza. Mwaka 2009 Naughty Dog walitoa Uncharted 2, na ndani yake mna sehemu ya treni ambayo mpaka leo watengenezaji wengine huitolea mfano. Njia rahisi ingekuwa kuisimamisha treni na kusogeza picha ya milima nyuma yake. Wao walitaka treni inayokwenda kweli, kwa hiyo ikabidi wajenge mfumo mzima wa kumwezesha mhusika kukimbia, kuruka na kupigana juu ya kitu kinachosogea. Ukiicheza unaona tofauti: mabehewa ya mbele yanakata kona kabla yako, adui aliye mabehewa matatu mbele anaonekana ubavuni kwa sababu reli imepinda, na safari inayoanza kwenye msitu wa kijani inaishia kwenye theluji. Hakuna studio ya watu kumi ambayo ingejipa anasa ya kutumia muda wote huo kwa sehemu moja ya gemu. God of War ya mwaka 2018 nayo ilichukua uamuzi wa kutoikata kamera tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukuhamisha ghafla hadi kwingine. Unabaki begani kwa baba na mwanawe katika safari yote, ukisikia wanavyonyamaziana. Uamuzi huo ni wa kisanaa, lakini kuutekeleza kwa saa ishirini na zaidi kunataka waigizaji, mafundi na miaka.

Kuna faida nyingine isiyotajwa vya kutosha, nami naiona kubwa kuliko treni. The Last of Us Part II ilitoka ikiwa na mipangilio zaidi ya 60 kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu. Asiyeona anaweza kusomewa maandishi kwa sauti, akasikia mlio maalumu unaomwambia kuna kitu cha kuokota au ukingo wa kuruka, akabonyeza kitufe kimoja na mhusika akageukia njia inayotakiwa. Mwenye uoni hafifu anawasha rangi zinazong'ara, maadui wakawa wekundu na mandhari yakafifia kuwa kijivu. Asiyesikia anaandikiwa nani anaongea na sauti inatoka upande gani. Mwenye mkono mmoja anavipanga vitufe upya. Watu wasioona kabisa wameimaliza gemu ile. God of War Ragnarök ikafuata njia hiyo mwaka 2022. Kazi ya aina hii inataka wahandisi, washauri wenye ulemavu na majaribio ya miezi, na studio tajiri ndizo zilizoitangulia. Kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye kila gemu ilimshinda kwa sababu ya macho, masikio au mikono, dola zako hapa hazipotei.

Sasa tuje kwenye woga. Tazama rangi ya njano. Katika gemu nyingi za aina hii, kila ngazi unayoweza kupanda, kila jiwe unaloweza kushika na kila boksi unaloweza kuvunja limepakwa rangi, ya njano aghalabu, wakati mwingine nyeupe. Resident Evil 4 iliyotengenezwa upya mwaka 2023 ilichekwa kwa hilo, na mwaka uliofuata toleo la majaribio la Final Fantasy VII Rebirth lilizua ubishi huohuo. Sababu yake haina siri. Picha zimekuwa halisi mno hivi kwamba jicho haliwezi tena kutofautisha jiwe la kushika na jiwe la pambo, na studio haitaki mtu akwame dakika kumi akitafuta njia kisha azime mashine. Ugonjwa huohuo una dalili ya pili: wasaidizi wanaoropoka. Katika Ragnarök unaingia kwenye chumba cha fumbo, hujamaliza hata kuzungusha macho, tayari mwenzako amekwambia utupe shoka wapi. Aloy, stelingi wa Horizon, anajiongelesha mwenyewe kila anapokanyaga. Unalipia fumbo, halafu unauziwa jibu lake papo hapo.

Mtetezi wa gemu hizi atasema kwamba wengi wanaocheza wametoka kazini wamechoka, wana saa moja tu kabla ya kulala, na hawataki kuipoteza wakitafuta ngazi. Ni hoja ya haki, na mtu huyo asidharauliwe. Lakini haimlazimishi kila mtu kucheza kama yeye, na zipo studio zilizothibitisha hivyo. Shadow of the Tomb Raider ya 2018 iliugawa ugumu mara tatu: mapigano peke yake, mafumbo peke yake, na utafutaji wa njia peke yake. Ukipandisha ugumu wa utafutaji, rangi nyeupe inatoweka kwenye kuta na unalazimika kulisoma jabali kwa macho yako. Assassin's Creed Odyssey ya mwaka huohuo ina namna ya kucheza inayokuondolea mshale wa kukuongoza na badala yake kukupa maelezo: mtu unayemtafuta yuko mashariki ya mji fulani, karibu na mto. Na Ghost of Tsushima ya 2020 ikatoa jibu zuri kuliko yote, kwa maoni yangu. Hakuna mshale, hakuna mstari wa kufuata. Unapangusa kidole kwenye pedi na upepo unavuma kuelekea unakokwenda. Nyasi zinalala, majani yanapeperuka, nawe unafuata. Mchezaji hapotei, na macho yake yanabaki kwenye mandhari iliyogharimu mamilioni badala ya kukodolea kiramani cha pembeni. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukiifungua gemu, usikimbilie kuanza. Tumia dakika kumi kwenye mipangilio. Tafuta vidokezo, mishale, alama za ramani na ugumu wa utafutaji, uzime usivyovitaka. Gemu ileile itakuwa bora bila kuongeza hata senti.

Urefu ndio mtego wa pili, na huu huwanasa zaidi watu wenye kipato kidogo. Hesabu yao inaonekana sawa: nikitoa laki mbili kwa gemu ya saa 100 nimelipa elfu mbili kwa saa, nikitoa kwa gemu ya saa 15 nimeliwa. Kampuni zinaijua hesabu hiyo na zinaipikia. Assassin's Creed Valhalla ya mwaka 2020 hadithi yake peke yake inaweza kuchukua saa 60, na ukifuata kila alama kwenye ramani unapita mia kwa urahisi. Lakini tazama saa hizo zimejazwa nini: kambi ya kuvamia, kisha kambi nyingine yenye umbo lilelile, sanduku la kufungua, kisha sanduku, mnara wa kupanda ili ramani ifunguke ionyeshe masanduku zaidi. Hizo ni kazi za kuhesabu, zimewekwa ili nyuma ya kava paandikwe namba kubwa. Na wachezaji wenyewe wanashuhudia. Mashine za PlayStation na duka la Steam huonyesha ni asilimia ngapi ya wachezaji waliopata nishani ya kumaliza hadithi. Chagua gemu yoyote ndefu uitazame, mara nyingi haifiki nusu. Maana yake ni kwamba watu wamelipia mwisho ambao hawakuuona. Shawn Layden, aliyewahi kuziongoza studio za PlayStation duniani, alisema hadharani mwaka 2020 kwamba angefurahi kuona gemu kubwa zikirudi kwenye urefu wa saa 12 hadi 15, kwa kuwa gharama zinapanda kila kizazi cha mashine huku bei ikibaki karibu palepale. Ubisoft, watengenezaji wa Valhalla, wenyewe walijaribu: Assassin's Creed Mirage ya mwaka 2023, iliyowekwa Baghdad ya karne ya 9, ilikuwa fupi na iliuzwa dola 50.

Pima basi kwa saa unazozikumbuka. Ukishaanza gemu ndefu, fuata hadithi kuu, ingia pembeni pale tu jambo linapokuvutia lenyewe, na masanduku uyaache yaoze yalipo. Hakuna atakayekudai. Ukiona gemu inakulazimisha kurudia kazi ndogondogo ili upate nguvu za kuendelea, angalia kama kuna duka ndani yake, kwa sababu mara nyingi vitu hivyo viwili huenda pamoja. Odyssey iliyosifiwa hapo juu iliwauzia wachezaji, kwa pesa halisi, kitu cha kuongeza kasi ya kupanda viwango, ndani ya gemu ya mtu mmoja ambayo walishailipia. Middle-earth: Shadow of War ya 2017 iliuza masanduku ya bahati nasibu yenye wapiganaji ndani, mwaka uliofuata watengenezaji wakaliondoa soko lote, na wakakiri kwamba kununua wapiganaji kulikuwa kunauharibu moyo wa gemu yao. Mchezaji aliyenunua siku ya kwanza alikutana na gemu yenye kasoro hiyo. Aliyesubiri alikuta imesafishwa.

Gemu hiyo inanileta kwenye hasara ambayo haionekani kwenye skrini. Shadow of Mordor, iliyotangulia mwaka 2014, ilikuwa na wazo jipya kabisa: adui anayekuua anapanda cheo, anakukumbuka, na mkikutana tena anakusimanga kwa yaliyotokea. Mtu angetegemea kwamba wazo zuri kiasi hicho lingeenea kila mahali. Warner Bros. walilisajili kama hataza, ikakubaliwa Marekani mwaka 2021, na Februari 2025 wakaifunga Monolith, studio iliyolibuni. Ilhali mtindo wa mapigano wa Batman: Arkham Asylum wa 2009, kitufe kimoja cha kupiga na kingine cha kuzuia, umeigwa hadi umekuwa lugha ya kawaida ya gemu hizi, Spider-Man akiwemo. Mtaji mkubwa hukwepa kubahatisha. Huchukua kilichokwisha kuthibitika na kukipaka rangi upya. Ukishacheza gemu tatu za aina hii, ya nne vidole vinaijua kabla ya kichwa. Kwa hiyo usizinunue mfululizo. Acha miezi kati ya moja na nyingine, ucheze mpira au kitu kidogo katikati, ndipo uchovu usikudanganye kwamba gemu nzuri ni mbaya.

Ubovu ulio wazi kuliko wote ni kuuziwa kitu ambacho hakijaiva. Assassin's Creed Unity ya Novemba 2014 ni mfano wa kufundishia, kwa kuwa pande zote mbili zimo ndani ya gemu moja. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilijengwa humo kwa uangalifu ambao mtalii angeuonea wivu. Siku hiyohiyo ya kutoka, wachezaji waliona wahusika wasio na nyuso, macho na meno yakielea hewani. Ubisoft waliomba radhi na kutoa nyongeza ya Dead Kings bure. Juni 2015 Batman: Arkham Knight ya kompyuta ilikuwa mbovu kiasi kwamba iliondolewa sokoni ndani ya siku chache, ikarudi Oktoba. Cyberpunk 2077 iliondolewa na Sony kwenye duka lake wiki moja hivi baada ya kutoka Desemba 2020, na haikurejea hadi Juni mwaka uliofuata. The Last of Us Part I ya kompyuta, Machi 2023, ilikuwa ikikwamakwama hata kwenye mashine za bei mbaya, na masahihisho yakafuata kwa wiki kadhaa. Sababu ni ileile ya fedha: tarehe imeshatangazwa, matangazo yameshalipiwa, mwaka wa hesabu unafungwa, na mtandao umewapa kampuni ruhusa ya kusema tutarekebisha baadaye. Kusubiri miezi sita kunakupa gemu iliyonyooka zaidi, na mara nyingi kwa bei ya chini. God of War ya Aprili 2018 ilikuwa imeshuka hadi dola 20 ilipofika mwishoni mwa 2019. Nintendo ndio wagumu. Gemu zao za Zelda hushuka bei kwa nadra, kwa hiyo hapo kusubiri hakusaidii sana mfuko.

Nasikia mapingamizi mawili. La kwanza: nikisubiri, mitandao itanisimulia mwisho. Ni kweli, na kwa gemu zinazoishi kwa hadithi, kama The Last of Us, hasara hiyo si ndogo. Anayejijua kwamba hawezi kulivumilia hilo anunue mapema, ila angoje angalau siku tatu za mwanzo, hadi wachezaji wa kawaida wenye mashine kama yake waseme inakwenda au haiendi. Pingamizi la pili lina uzito wa kimaadili: tukisubiri wote, studio zitakufa na watu watapoteza kazi. Ningelikubali kama ushahidi ungekuwa upande huo. Spider-Man 2 iliuza nakala zaidi ya milioni 2.5 siku ya kwanza, na kufikia mwanzo wa Februari 2024 zilikuwa zimepita milioni 10. Mwishoni mwa mwezi huohuo Sony ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 900 katika kitengo chake cha PlayStation, na Insomniac walioitengeneza gemu hiyo walikuwa miongoni mwa walioguswa. Haraka ya mnunuzi haimlindi fundi. Usibebeshwe mzigo wa hesabu usizozipanga wewe.

Kwa msomaji wa huku kwetu kuna mambo ya kawaida ambayo waandishi wa ng'ambo hawana haja ya kuyafikiria. Nunua mashine yenye mlango wa diski. Xbox Series S hainao, PlayStation 5 ya toleo la kidijitali haiji nao, na gemu uliyoipakua huwezi kumuuzia jirani ukiimaliza; diski unauza, unabadilishana, unaazimana. Diski nyingi za PS4 zinacheza kwenye PS5, kwa hiyo mtumba wa PS4 ni hazina hata kwa mwenye mashine mpya. Angalia ukubwa: Ragnarök ya kompyuta inataka nafasi ya GB 190, Horizon Forbidden West nayo ya kompyuta GB 150, na PS5 ya kwanza ina nafasi ya kutumia isiyofika GB 700. Kwa anayetegemea bando la simu, kupakua GB 100 huenda kukamgharimu sawa na diski yenyewe; na hata mwenye diski aulize masahihisho yake yana ukubwa gani. Nchi nyingi za Afrika hazimo kwenye orodha ambayo Sony huruhusu kufungulia akaunti ya PlayStation, ndiyo maana wengi hutumia akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Ukishachagua nchi, kadi za kujaza pesa lazima ziwe za nchi hiyohiyo. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na aliyekuuzia harudishi hela. Kwenye Steam unaweza kudai fedha zako ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Kwenye duka la PlayStation, ukishaanza kupakua, haki hiyo huwa imekwisha isipokuwa gemu yenyewe ni mbovu. Na mzazi atazame namba kwenye kona ya kava: Spider-Man ni 16, God of War na The Last of Us ni 18, na namba hizo zimewekwa na watu walioiona damu yenyewe.

Wapo watakaosema dawa ni kuachana na wakubwa kabisa, tucheze gemu ndogo tu. Wana ushahidi. Hellblade: Senua's Sacrifice ya mwaka 2017 ilitengenezwa na Ninja Theory wa Cambridge wakiwa watu 20 hivi, ikauzwa dola 30, na ndani ya miezi mitatu ilikuwa imeuza nakala 500,000 na kurudisha gharama mapema kuliko walivyotarajia. Inamhusu shujaa anayesikia sauti kichwani, nao walishirikiana na daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Cambridge ili wasiigeuze hali hiyo kuwa kichekesho. Ukivaa vipokea sauti vya masikioni, sauti zinakuzunguka nyuma ya shingo. Hadithi ya aina hiyo studio ya dola milioni 200 ingeiogopa. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya pekee. Mwaka 2009 Capcom walitoa Resident Evil 5, gemu kubwa yenye fedha tele, iliyowekwa Afrika ya kubuni, na Kiswahili kikapewa umati wa watu walioambukizwa wanaokuja kukuua. Miaka 15 baadaye Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya aliyekuwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins, aliongoza utengenezaji wa Tales of Kenzera: ZAU, gemu ya dola 20 inayohusu kijana anayemlilia baba yake, na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Bajeti kubwa ilitupa kelele za mazimwi, ndogo ikatupa mtu anayeomboleza. Hata hivyo udogo nao si kinga: studio ya ZAU ilipunguza wafanyakazi mwaka uleule gemu ilipotoka. Na treni ya Uncharted, upepo wa Tsushima, gemu ya kusisimua ambayo asiyeona anaimaliza mwenyewe, hivyo bado vinatoka kwenye mifuko mikubwa. Sioni kwa nini mtu ajinyime kimoja kwa ajili ya kingine.

Anayeanza leo, mwenye PS4 ya mtumba na pesa ya gemu mbili, achukue diski ya God of War ya 2018 na ya Ghost of Tsushima, zote mbili zilizokwishatumika. Kilichobaki anunue Hellblade. Aache matoleo ya bei ya juu yenye nguo za ziada na vitabu vya picha, asiweke oda ya gemu ambayo haijatoka, na asilipie chochote kinachouzwa ndani ya gemu aliyokwisha kuinunua. Gemu mpya za bei kamili zisubiri. Mwakani zitakuwepo madukani, zikiwa zimenyooshwa na zimeshuka bei.